Kugeuza Starlet ya zamani kuwa gari la mbio nyumbani Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaonijia na swali la gari la mbio karibu wote huanza na injini: turbo gani, kabureta gani, ekzosti ipi inanguruma vizuri. Mimi huwarudisha kwenye sakafu ya gari. Hapa pwani adui wa kwanza ni kutu, na gari lililooza bodi halitibiki kwa injini. Majibu yafuatayo yanalenga anayetaka kujenga hachibaki ya zamani (gari dogo lenye mlango wa nyuma) uani kwake, kwa ajili ya autokrosi, yaani mbio za mzunguko mfupi wa vumbi, au rali ndogo za barabara ya vumbi.

Nianze na gari gani?

Toyota Starlet EP82, ile iliyotengenezwa kati ya 1989 na 1995. Ina uzito wa kilo 800 hivi, injini ya familia ya 4E yenye sisi (cc) 1331, ringi za inchi 13 zenye nati nne kwa mpangilio wa milimita 100, kwa hivyo ringi za magari mengi madogo zinaingia bila kuhangaika. Kila fundi wa hapa ameshaifungua. Spea ikikosekana Malindi, Mombasa ipo.

Starlet ya zamani zaidi, KP61 ya 1978 hadi 1984, husukumwa na magurudumu ya nyuma na ni tamu mno kwenye changarawe, lakini kupata bodi nzima ni bahati. Volkswagen Golf GTI ya kwanza ilitoka 1976 na nguvu za farasi 110, na Peugeot 205 ikafuata 1983. Yote mawili ni magari ya kupendeza kweli. Kama unayo tayari na ni mazima, jenga. Kama unaanza kutafuta leo, chukua gari ambalo utapata busi zake, zile raba za viungo vya chini, Jumamosi jioni.

Gari dogo kama hilo litaweza barabara zetu?

Mwaka 1993, kwenye Safari Rally, Toyota Celica zilichukua nafasi nne za mwanzo. Nyuma yao, nafasi ya 5, ya 6 na ya 7, zilikuwa Daihatsu Charade, hachibaki ndogo kabisa. Mwaka huo huo Patrick Njiru alimaliza wa 12 akiendesha Subaru Vivio yenye injini ya sisi 658. Hiyo ni injini ndogo kuliko za pikipiki nyingi kubwa. Wepesi una faida yake: tairi, breki na shokapu zote hupumua, na ukikwama mchangani watu wachache wanalisukuma likatoka.

Naweza kuagiza moja safi kutoka Japani?

Hapana. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Gari utalipata humu humu nchini. Spea zake, hata hivyo, unaweza kuagiza.

Nitajuaje kama bodi imeliwa na kutu?

Usiangalie rangi. Rangi mpya kwenye gari kuukuu la pwani inafaa kukutia wasiwasi kuliko kukufurahisha.

Inua zulia upande wa dereva. Chukua bisibisi bapa uibonyeze pale sakafu inapokutana na ukingo wa chini ya mlango. Chuma kizima kinarudisha mkono. Chuma kilicholiwa kinalia kama makapi, ncha inazama, na ukiitoa inatoka na unga mwekundu. Fuata mshono huo mpaka nyuma, kipande kwa kipande. Kisha fungua boneti utazame pale shokapu za mbele zinapofungwa kwa juu: rangi ikiwa imevimba kuzunguka zile nati, au bati limepasuka hata uzi mmoja, jua uzito wote wa mbele unaegemea hapo. Angalia chini ya betri, maana tindikali hula kabla ya chumvi. Angalia shimo la tairi ya akiba, ambako maji hukaa miezi bila mtu kujua. Mwisho ulale chini utazame pale ekseli ya nyuma inaposhikana na bodi, na pale shokapu za nyuma zinapoingia juu ya matao ya magurudumu.

Beba na sumaku ndogo. Ikikataa kushika mahali ambapo pana rangi nzuri, chini yake ni fila, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi.

Ushauri wangu ni huu, na sijaona wa kuupinga: tafuta bodi ya bara. Starlet iliyozeekea Nyeri au Nakuru imechoka injini, lakini sakafu yake mara nyingi ni nzima. Iliyozeekea Malindi, hasa iliyofanya kazi upande wa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, inaweza kuwa na injini safi juu ya bodi iliyokufa. Injini hubadilishwa kwa siku mbili. Bodi hukula mwaka.

Nimeshanunua, na kutu ipo. Nifanyeje?

Kata. Usipake dawa juu yake ukadhani imelala. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, hata kama shimo linazidi kukua na moyo unauma. Weka kipande cha bati cha milimita 1 kwenye sakafu na 1.2 kwenye sehemu zinazobeba uzito, ukichomelee kwa nukta nukta ukiruka huku na huku ili bati lisipinde kwa joto. Praima yenye zinki, kisha silanti kwenye kila mshono, kisha rangi. Ndani ya zile boksi za chini ya milango mimina nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya kutolea maji, na uhakikishe matundu yenyewe yamebaki wazi.

Gari likishaanza kutumika, lioshe chini kila baada ya kutoka. Liangalie hilo la maji pia: visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na ukioshea hayo unalirudishia ugonjwa. Tumia maji ya mfereji au ya mvua yaliyokingwa.

Lazima niwe na gereji?

La. Banda la makuti au mabati lenye sakafu ya simiti iliyosawazishwa linatosha. Sakafu sawa ni muhimu kuliko paa, kwa sababu vipimo vyote vya magurudumu na vya keji, kizimba cha kumlinda dereva, vinaanzia hapo.

Kitu kimoja hakina mjadala: usiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Nunua stendi nne nzuri kabla ya kununua spana ya kwanza. Jeki hushuka bila kuaga, na gari la kilo 800 halihitaji nafasi ya pili.

Ukianza kuchomelea chini ya makuti, ondoka hapo. Cheche moja na nyumba ya jirani imekwenda. Weka ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto karibu, na ukae nusu saa baada ya kumaliza ukinusa kama kuna kinachofuka.

Na majirani. Ukiwa mitaa ya Barani, Maweni au Shela nyumba zimebanana. Grenda inasikika msikitini. Adhana ikilia, zima. Mchana wa Ramadhani fanya kazi za kimya, kama kufunga waya au kusafisha spea. Ukiwaheshimu, watoto wao ndio watakaokushikia tochi.

Mashine gani ya kuchomelea?

Ya waya na gesi, yaani MIG. Ile ya vijiti waliyonayo mafundi wa mageti ni nzuri kwa geti, lakini bati la bodi ni jembamba, linatoboka kabla hujajua. Shida ya MIG huku kwetu ni upepo. Gesi inayokinga chuma kilichoyeyuka hupeperushwa na kusi, na unabaki na mshono wenye vitundu kama sponji, usio na nguvu yoyote. Chomelea alfajiri kabla upepo haujaamka, au weka ubao wa kukinga pande mbili. Stima ikiwa inashuka na kupanda, subiri itulie: moto ukipungua katikati ya mshono wa keji, mshono umeshika juu tu.

Keji ni lazima? Na fundi wa mageti anaweza kunitengenezea?

Keji, kile kizimba cha mabomba ndani ya gari, ndiyo sababu dereva anatoka mzima gari likibingirika. Kwa rali ni lazima, na hata usipoambiwa, iweke. Hapa ndipo ninapotaka utulie usome polepole.

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa kwa baridi. Upinde mkuu, ule unaosimama nyuma ya viti, uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine yanaweza kuwa 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Kila mguu wa keji unakalia bamba lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita 120 za mraba, lililochomelewa kwenye bodi. Ikiwa keji yako ni ya kufunga kwa bolti, kila mguu upate angalau bolti tatu za M8 (milimita 8) za daraja la 8.8 la uimara.

Kwa hiyo bomba la geti halifai. Lina mshono kwa urefu wake wote, na mshono huo hufunguka gari linapogonga. Chungulia ndani ya bomba kwa tochi na upitishe kidole kwenye ncha: mara nyingi utausikia ule mstari. Bomba la maji ni baya zaidi, maana zinki iliyopakwa juu yake hutoa moshi wenye sumu ukiichomelea.

Kukunja nako kuna sheria. Kona iwe na nusu-kipenyo kisichopungua mara tatu ya kipenyo cha bomba, na ikunjwe kwa baridi. Ukiona fundi anajaza mchanga na kuwasha moto, mshukuru uondoke. Bomba likibonyea kwenye kona, pale ndipo litakapovunjika.

Sasa lile swali ambalo kila anayejenga nyumbani hukwama nalo: utachomeleaje sehemu ya juu ya bomba, wakati paa liko sentimita mbili tu kutoka hapo? Wengi huchomelea chini na pembeni wakaacha juu. Keji hiyo haifai, maana kila kiungo lazima kichomelewe kuzunguka pande zote. Dawa ni hii. Shikiza keji yote kwa nukta ikiwa mahali pake. Toboa sakafu chini ya kila mguu, tundu la kuupitisha. Shusha keji nzima, miguu ikapita chini ya gari, na sasa juu pana nafasi ya mkono na ya kichwa. Chomelea viungo vyote vya juu kwa utulivu. Inyanyue tena, weka mabamba juu ya matundu uliyotoboa, na umalizie miguu. Ni kazi ya watu watatu na subira nyingi, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Mahali ambapo helmeti inaweza kugonga bomba, livalishe bomba sponji ngumu ya keji. Sponji ya godoro haizuii chochote.

Kama huna uzoefu wa kuchomelea, fanya kila kitu kingine kwa mkono wako na hii mpe fundi aliyewahi kujenga keji iliyopita ukaguzi.

Nitoe nini ili gari liwe jepesi?

Viti vya nyuma, zulia, redio, eyakondishna, vitambaa vya paa, na ile lami nyeusi ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni. Lami hutoka kwa kuipasha joto taratibu na kuikwangua. Ni kazi chafu, na chini yake mara nyingi utakutana na kutu uliyodhani haipo. Bila eyakondishna, ndani ya gari la Malindi mwezi wa pili ni moto wa kweli. Tengeneza tundu la hewa juu ya paa na uweke chupa ya maji pale mkono unapofika ukiwa umefungwa mkanda.

Naweza kununua kiti, mkanda na helmeti za mtumba?

Soma lebo kwanza. Kiti cha kiwango cha FIA 8855-1999 kina muhuri wa tarehe na huhesabiwa miaka 5. Mkanda nao una tarehe yake ya kuisha. Tafuta wa 8853-2016. Helmeti ambayo haijulikani imeanguka mara ngapi usiitie kichwani. Mkanda ulioachwa garini ukipigwa na jua la pwani na chumvi hukauka nyuzi kabla ya tarehe yake, kwa hivyo fungua uweke ndani ya nyumba kati ya shindano na shindano.

Breki za kawaida zinatosha?

Kwa kuanzia, diski za mbele na dramu za nyuma za Starlet zinatosha ukiweka pedi nzuri na hosi mpya. Kinachowaangusha watu ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Ikishanyonya maji, 155. Yakichemka, pedali inazama mpaka sakafuni na hakuna kitu. Badilisha kabla ya kila shindano, na ukishafungua kopo usiliweke kabatini ukitegemea kulitumia mwakani. Mabomba ya breki yapitishe ndani ya gari, mbali na mawe.

Nilishushe gari?

Hapana. Lami ya kwenye picha za magari yaliyoshushwa si barabara ya Marafa wala ya Langobaya. Gari la vumbi linataka shokapu zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka: liinue sentimita mbili au tatu, weka springi ngumu kidogo, na utie nguvu pale shokapu zinapofungwa. Chini ya injini funga bamba la alumini la milimita 5 au 6 la kukinga sampu, lile bakuli la oili. Ringi za chuma ni bora kuliko za alumini hapa, maana ukigonga jiwe la matumbawe ya chuma inapinda na inanyooshwa kwa nyundo, ya alumini inapasuka.

Na injini je?

Sasa ndiyo tumefika. Injini nzima ya kawaida inakutosha msimu wa kwanza. Pima kompresheni, badilisha mkanda wa taiming, gasketi zinazovuja, pampu ya maji na hosi zote. Rejeta kubwa zaidi na feni ya umeme ni pesa iliyotumika vizuri kuliko ekzosti. Eya klina iinue juu iwezekanavyo, kwa kuwa vumbi letu ni mchanga laini unaosaga silinda kama msasa.

Tuko usawa wa bahari, na hiyo ni neema. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hivyo injini ile ile ina nguvu zaidi hapa kuliko Nairobi. Lakini angalia: kabureta iliyopangiwa Nairobi ikishuka Malindi inapata hewa nyingi na petroli kidogo, injini inachemka na pistoni inaweza kutoboka. Badilisha jeti, kile kitundu kinachopima petroli, kabla ya kuikanyaga. Ya injeksheni hujirekebisha yenyewe.

Turbo, ile 4E-FTE ya Starlet GT yenye farasi 135, inaingia vizuri kwenye EP82. Ila inakupeleka daraja jingine la mashindano na inavunja giaboksi ya dereva asiye na subira. Jifunze kwanza na farasi ulionao.

Waya?

Toa usiohitajika, weka alama kila unaobaki, na kila kiungo kifinywe na kufunikwa. Chumvi hula shaba iliyoachwa wazi. Swichi kuu ya kukata umeme ifikiwe na dereva aliyefungwa mkanda na mtu aliye nje pia. Alama yake ni pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe na radi nyekundu, kitako kisichopungua sentimita 12.

Niko Lamu. Nifanyeje?

Kisiwani vichochoro ni vya watu na punda, na iwe hivyo daima. Jenga upande wa bara: Mokowe kama una ndugu hapo, au Mpeketoni, ambako hewa ya chumvi ni kidogo zaidi.

Karatasi zake?

Ukibadilisha injini au rangi na gari bado liko barabarani, logbuku ibadilishwe kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mchezo wenyewe unasimamiwa na Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya, KMSF. Pata kanuni zao za mwaka huu kabla ya kukata bomba la kwanza, na wapelekee wakaguzi picha za keji ikiwa bado haijapakwa rangi, ili waione mishono. Na usishindane kwenye barabara ya umma, hata usiku, hata ya Garsen iliyonyooka. Kuna wenda kwa miguu na mifugo.

Nijaribie ufukweni?

Usithubutu. Kasa hutaga mchangani, na Malindi ni hifadhi ya bahari tangu 1968. Tena maji ya bahari yakiingia ndani ya ile mishono uliyoifungua na kuichomelea, kazi yote uliyofanya imekwenda. Omba shamba la mtu, lipa kidogo, na umwagie maji vumbi ukimaliza.

Siku ya kwanza ya kulijaribu?

Mtu wa pili awepo, na mtungi wa moto. Anza kwa mwendo wa tuktuk, ukikanyaga breki mara nyingi na kusikiliza. Baada ya kilomita chache simama, acha injini ipoe, kaza upya nati za magurudumu na bolti zote za shokapu, ulale chini utafute unyevu wowote wa oili au wa mafuta ya breki, na utazame kila mguu wa keji kama rangi imepasuka. Pasipo na tatizo, ongeza mwendo kidogo na urudie ukaguzi ule ule.